Kijiti cha Milimita Ishirini na Tano

Tarehe 9 Februari, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili: kwanza kama baba yako mdogo, kisha kama fundi. Kama baba mdogo nimefurahi. Kama fundi nilichoka kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza.

Unasema shafti za pampu mlizomkerezea Injinia wa maji zimerudishwa, kwamba beringi inaingia kwa kusukumwa na kidole wakati inatakiwa iingie kwa kugongwa. Unasema amewapa nafasi ya mzigo mmoja tu, na huo nao ukirudi, kazi ataipeleka kwingine. Bila kazi yake karakana inafungwa. Hilo hukuliandika, lakini nimelisoma. Na umeamua kwamba kosa ni la vifaa vya kupimia, kwa kuwa vimekuzidi umri. Unaniuliza ununue nini kwa pesa mliyo nayo.

Sikia basi. Usinunue lile sanduku. Najua lipo dukani kwenu, maana lipo kila duka la dunia hii: kalipa, maikromita na vikorokoro vingine vimelazwa juu ya kitambaa chekundu kama vito vya bibi harusi. Ndani yake utatumia vitu viwili, na hivyo viwili ndivyo vibovu kuliko vyote.

Kalipa, chukua ya kawaida isiyo na betri. Zile za betri za bei ya chini zinakula betri hata zikiwa zimelala. Wala usidai makubwa kwake. Kalipa inakufikisha mtaani. Nyumba yenyewe unaitafuta kwa maikromita.

Maikromita, mnahitaji moja tu, ya kupima kuanzia milimita ishirini na tano hadi hamsini, kwa sababu shafti zenu karibu zote zimo humo. Kati ya mpya isiyojulikana ilikotoka na iliyotumika ya kiwanda chenye heshima, shika iliyotumika. Izungushe kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikienda laini pote, ni yako. Ikigoma mahali na kulegea pengine, mrudishie mwenyewe umshukuru kwa muda wake. Halafu zitazame zile nyuso zake mbili za kubania kwenye mwanga wa dirisha. Zikiwa na makovu, iache hata ukipewa bure.

Lakini kabla hujatoa hata senti, niambie: ile maikromita ya baba yako mnaisawazishaje?

Msalimie kaka. Kuhusu kuja, mwambie goti langu linasema labda mwakani.

Wako,
Baba Mdogo

—

Tarehe 2 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Kwanza, kwa nini kila barua unaandika juu umri wa safari yako, kama mfungwa anayechora mistari ukutani? Ukipigiwa simu unasema "nzuri, nzuri" mpaka simu inakatika. Kwenye barua ndiko unakosema, halafu unaanza na hesabu hiyo. Inanichosha kabla sijafika kwenye salamu.

Pili, kuhusu sanduku. Nilikuwa nimeshalinunua. Kitambaa chake si chekundu, ni cha bluu, kwa hiyo hukuona yote. Kalipa yake ilikufa siku ya pili. Maikromita yake, nikipima shafti ileile mara tatu inanipa majibu matatu, kama mtu anayeulizwa umri wake. Nimelificha sanduku nyuma ya makopo ya rangi. Baba hajui, na usipomwambia wewe hatajua.

Tatu, swali lako. Hatuisawazishi. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba maikromita hii inaanzia milimita ishirini na tano, midomo yake haikutani, kwa hiyo ili ujue sifuri yake iko sawa unahitaji kile kijiti cha chuma cha milimita ishirini na tano uweke katikati. Kijiti hatuna. Duka la kona wanavyo, viko dirishani. Nimemwambia Baba:

"Baba, hiki ni kitu cha bei ya chakula cha mchana."

"Basi kale chakula."

"Tutapimaje bila kijiti?"

"Kijiti kipo. Kiko njiani."

Tangu nina akili zangu kiko njiani. Njia gani hiyo, Baba Mdogo, isiyofika? Mafundi wa karakana ya jirani wanamwita Mzee Hapana, na mimi nimeacha kumtetea.

Kitu kingine kinachonichanganya. Kila shafti ninayoikata, yeye huipima baada yangu. Zamani alikuwa akinirudisha: "Umekata mno, mwanangu, hii siyo penseli." Tangu mwaka jana hanirudishi. Anabana, anatazama, anasema "Sawa." Nilidhani nimeiva. Sasa kama mimi napata sawa na yeye anapata sawa, basi ama kifaa kimechoka, ama Injinia ana lake jambo.

Tumebanwa na kazi, nikaomba kutumia mashine ya pili ya kukerezea, ile ya kwako, iliyofunikwa turubai. Hapana. Kila Jumamosi anaifunua, anaipaka mafuta, anaifunika. Haijakata hata msumari.

Wako,
Mwanao, fundi aliyedhani ameiva

—

Tarehe 21 Machi, mwaka wa thelathini na moja

Mwanangu,

Hesabu ya juu niache nayo. Watu wengine wanafuga paka.

Sasa tulia nikueleze jambo ambalo lilipaswa kuelezwa na baba yako. Maikromita ile ilikuwa na kichwa kidogo nyuma chenye kulia tik-tik, ambacho kinafanya kila mtu abane kwa nguvu ileile, awe mnyanyua magunia au mshona vifungo. Kichwa hicho kilivunjika kabla hujazaliwa. Tangu hapo ile ni maikromita ya mkono. Na mkono wenyewe ni wa baba yako, ambaye hubana kama anafunga bomba linalovuja.

Asubuhi niliyoondoka tuliisawazisha pamoja, mimi na yeye, kwa mkono wake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anabaki nayo. Sifuri ya kifaa hicho ni mkono wa kaka yangu. Akibana yeye, kinasema kweli. Akibana mtu mwenye mkono mwepesi, kama wewe, kinasoma shafti kuwa nene kuliko ilivyo. Wewe unaona bado, unapitisha kisu tena, na shafti inatoka nyembamba. Ndiyo maana zamani alikuwa akikurudisha. Hukuwa mzembe. Ulikuwa unatumia mkono wa mtu mwingine.

Kwa hiyo hili la wewe kupata "sawa" nalielewa. Hili la yeye kupata "sawa" ndilo linaloniweka kitako.

Fanya hivi. Nenda kanunue beringi moja mpya ya kiwanda kizuri, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita arobaini. Usicheke. Kwa fundi asiye na uwezo hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho. Waliotengeneza beringi walishahangaika na usahihi wake kwa niaba yako, na mkibanwa sana mtaiweka kwenye pampu ya mtu. Ifute mafuta. Ipime wewe, kumbuka ulichosoma, kisha mpe baba yako bila kumwambia ulichopata.

Halafu uniandikie alivyosoma. Na uniandikie pia siku hizi anashikaje kikombe.

Kuhusu kijiti na njia yake, muulize aliyekuambia.

Wako,
Baba Mdogo

—

Tarehe 12 Aprili

Shikamoo Baba Mdogo,

Nimefanya. Ningejua nisingefanya.

Beringi niliipima mimi kwanza: arobaini na mistari miwili juu, yaani sehemu mbili za mia za milimita ambazo hazipo. Nikairudisha maikromita nyuma, nikamwita Baba.

"Nani kakufundisha kupima beringi?"

"Baba Mdogo."

"Ohoo. Bado anajifanya fundi huko aliko."

Alikuwa anacheka. Alipobana, akaacha kucheka. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa, akabana tena. Mara ya tatu alibana mpaka mshipa wa shingo ukasimama, na vidole vikateleza. Nikamuuliza, "Imesomaje?" Akasema, "Sawa." Akaiweka mezani na kutoka, lakini hakuwa ameizungusha, kwa hiyo niliisoma. Arobaini na mistari miwili. Kama mimi.

Yeye anajua inavyopaswa kusoma mkononi mwake, Baba Mdogo. Alijua kabla yangu maana ya ile mistari. Mimi nilisimama pale na barua yako mfukoni kama askari aliyeleta hati.

Alikwenda kwenye mashine yako. Akaifunua, akazungusha gurudumu la mkono duara moja, akaifunika. Kisha akaenda nyumbani na hajarudi karakanani tangu siku ile. Anakaa karibu na dirisha, beringi iko kiganjani, anaizungusha kwa kidole gumba. Nikimuuliza kama inalia vibaya anasema inalia vizuri.

Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Nilidhani ni baridi.

Juzi nilimwambia nakwenda duka la kona kununua kijiti, nisawazishe kifaa, nianze mzigo wa Injinia, kwa sababu ameongeza muda hadi katikati ya Juni na hataongeza tena. Nilijiandaa kwa hapana. Nimeizoea hapana, naweza kubishana nayo mpaka jioni. Akasema, "Tafadhali." Sijawahi kumsikia akisema neno hilo kwa mtu yeyote, hata kwa daktari. "Tafadhali, usikinunue." Nikarudi nikakaa.

Kuna kitu nyie wawili mnanificha, na kitu hicho kina urefu wa milimita ishirini na tano.

Mwanao

—

Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Mkono unaoandika hapa ndio uleule wa beringi, kwa hiyo soma polepole.

Mtoto kanieleza kwamba mtihani ulikuwa wako. Umenipata. Tangu utoto ulikuwa hivyo, unamchokoza mtu kwa upole mpaka anapiga kelele mwenyewe.

Sikujua. Nataka ujue hilo. Nilijua kikombe, nilijua vifungo vya shati. Maikromita sikuijua. Nilibana nikaona sawa, nikadhani mtoto amekuwa fundi. Na kweli amekuwa fundi, ila usimwambie nimesema, ataomba likizo.

Tulivyoagana wewe umesahau au unajifanya. Ulikuwa na kijiti mfukoni. Ukasema, "Wewe baki na maikromita, mimi niende na kijiti. Kimoja hakifai bila kingine, kwa hiyo itabidi nirudi." Ulicheka. Mimi sikucheka.

Duka la kona nalipita kila siku. Vijiti viko dirishani, na siku hizi watoto wanavichezea pale kaunta. Ningeweza kununua kila mwaka na nikatupa cha zamani. Lakini nikinunua kijiti, nitakuwa nimesema nini? Na nani angenisikia nikisema? Kwa hiyo nimepima kwa mkono. Miaka yote hii, kabla ya shafti za Injinia, hakuna kazi iliyorudi. Uliza watu.

Sasa mkono umekwisha. Daktari ameupa ugonjwa jina refu. Sikumwomba alirudie.

Njoo. Lete kijiti. Sikuombi ukereze, macho yako najua yamechoka. Njoo uwe kipimo mpaka mtoto asimame. Chumba cha nyuma kimepakwa rangi. Mashine yako inazunguka kama ulivyoiacha, ukiigusa tu.

Usiniandikie goti. Kabla ya goti zilikuwa hati za kusafiria, na kabla ya hati zilikuwa vurugu za huku. Vurugu ziliisha. Hati watu wote wa wakati wako walishapata. Sikulaumu. Nimechoka kumwambia mtoto kwamba kiko njiani, nikiwa sijui uongo ni wangu au ni wako.

Niandikie tarehe, au uniandikie kwamba hakuna tarehe.

Kaka yako

—

Tarehe 14 Mei

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako imekaa mezani muda mrefu kuliko inavyostahili kaka. Nilikuwa naipita nikienda kuchemsha maji, naipita nikirudi. Uniwie radhi.

Sikusahau. Maneno niliyasema kama ulivyoyaandika, isipokuwa nilisema "lazima," sikusema "itabidi." Ulikuwa umevaa ovaroli na ulikataa kunikumbatia ili usinichafue shati la safari.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi, nimekilipia njia ya haraka ili kifike kabla ya kazi ya Injinia. Ndani ya mkebe wa miwani kuna kijiti. Nimekifungia karatasi ya mafuta. Hakina kutu wala kovu. Hapa nimekipima kwa vyombo vya mahali nilipofanyia kazi, mara nyingi, na hakijapungua kitu. Mkikifungua msikishike sana kwa vidole. Mkilaze karakanani usiku mzima pamoja na maikromita, vizoeane joto. Vimekaa nchi mbili kwa muda mrefu.

Asubuhi yake sawazisheni. Ule ufunguo mdogo wa kuzungushia pipa la namba la maikromita uko kwenye droo ya kushoto ya meza ya kazi, kama hukuuhamisha, na wewe huhamishi kitu. Mara ya mwisho wewe ulibana na mimi nikazungusha. Safari hii abane mtoto. Abane kama anavyobana kila siku, asijitutumue wala asiogope. Wewe zungusha. Kazi hiyo haitaki nguvu, inataka mtu anayejua sifuri inakaa wapi, na huyo bado ni wewe. Mkimaliza, mpe ile beringi aipime. Ikisoma arobaini, kifaa ni chake. Kuanzia hapo wewe usikitumie, utamharibia shafti.

Vingine anavyovihitaji ni vichache na nimeshamwandikia. Kalipa moja isiyo na betri. Kijiti cha pili kutoka duka la kona, cha akiba. Unaweza kumruhusu sasa.

Mashine ya pili ivue turubai. Ni dhambi chuma kizuri kama kile kupakwa mafuta bila kazi. Mtoto anahitaji mashine mbili na ataitumia vizuri kuliko mimi, maana ana haraka na mimi sikuwahi kuwa nayo.

Sasa niseme jambo lenyewe, kwa kuwa umeniomba bila kupindisha.

Hakuna kinachonizuia. Goti linauma, lakini linapanda ngazi za nyumba hii kila siku. Hati ninazo. Baada ya barua yako nilikwenda ofisi ya tiketi, nikachukua namba, nikakaa kwenye viti vyao vya plastiki. Namba yangu iliitwa. Iliitwa tena. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu akaniambia, "Babu, si ndiyo wewe?" Nikasema siyo mimi. Nikampa yeye namba yangu, akawahi, nikaja nyumbani.

Nimejaribu kujua kwa nini, kwa njia ninayoijua, yaani kwa kupima. Chumba changu kiko juu ya duka la dobi. Ukuta wa upande wa kitanda una joto mchana na unapoa wakifunga. Jirani wa mkabala ananigongea mlango asubuhi kuona kama nimeamka. Asiposikia jibu upesi ananitukana, na hilo linanifurahisha. Mke wangu tulimzika huku, na nauli ya kwenda kwake ni kituo kimoja. Haya si mambo makubwa. Nimeyaweka upande mmoja, na upande wa pili nikaweka karakana, chumba kilichopakwa rangi, na wewe. Nikasubiri nione. Kaka, wewe ni mzito. Hukushinda.

Kwa miaka mingi niliota karakana yetu ikiwa palepale ilipo. Siku hizi nikiiota, nikitoka mlangoni natokea mtaa wa huku, na sishangai. Nadhani hapo ndipo jambo lilipoamuliwa, na mimi nilikuwa nimelala.

Mtoto alinilaumu kwa kuhesabu miaka juu ya barua. Leo utaona sikuandika.

Huna haja ya kumwambia tena kwamba kiko njiani. Kikifika, mpe mkononi, umwambie kilichelewa kwa sababu ya ndugu wawili ambao kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aseme. Atatucheka. Mwache acheke, kisha abane.

Shika kikombe kwa mikono miwili, hakuna anayekutazama vibaya.

Sitarudi.

Mdogo wako